AFYA NYUMBANI: Mtoto Apumuaye kwa Tundu la Shingoni

Bomba la hewa la mtoto mchanga lina urefu wa sentimita 4 hivi, na upana wake wa ndani ni milimita 4 au 5 tu. Bomba la milimita 4 likivimba kwa milimita 1 pande zote, nafasi inayobaki ni robo ya ile ya awali. Uvimbe ambao mtu mzima angeuona ni mkwaruzo wa koo waweza kumwua mtoto usiku mmoja.

Ndiyo maana, koo la mtoto linapozibwa na ugonjwa au kovu, au anapohitaji mashine ya kupumulia kwa muda mrefu, huenda madaktari wakatoboa tundu mbele ya shingo, chini ya zoloto, na kutia mrija ili hewa iende mapafuni moja kwa moja. Upasuaji huo huitwa trakeostomi.

Kazi hiyo si ngeni. Mwaka 1825 daktari Mfaransa Pierre Bretonneau alimwokoa kwa njia hiyo mtoto aliyekuwa akikatwa pumzi na dondakoo. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulipouvamia mji wa Copenhagen, nchini Denmark, daktari Bjørn Ibsen aliagiza msichana wa miaka 12 atobolewe koo, kisha akamsukumia hewa kwa mfuko wa mpira uliobanwa kwa mkono. Msichana akanusurika kifo. Baada yake wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu, mchana na usiku, wakibana mifuko hiyo kwa ajili ya wagonjwa wengine.

HATARI ZAKE

Mzazi anapoombwa idhini, ni haki yake kuelezwa hatari zilizopo. Wakati wa upasuaji damu yaweza kutoka kwa wingi, au hewa ikavuja na kulibana pafu. Wiki ya kwanza ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa tundu halijakomaa. Mrija ukichomoka, nyama hujifunga na njia hupotea. Kwa hiyo mrija wa kwanza hubadilishwa na daktari mwenyewe, kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 7.

Baadaye huja hatari nyingine: maambukizo, vinyama vinavyoota ndani ya bomba, na kovu linaloibana njia. Damu itokayo mrijani, hata ikiwa kidogo, isipuuzwe, kwani yaweza kutangulia mvujo mkubwa. Mtoto apelekwe hospitali mara moja. Lakini hatari mbili zinazonyemelea kila siku ni mrija kuzibwa na makohozi, na mrija kuchomoka. Zote mbili hutokea nyumbani, mbali na daktari, na zote mbili huweza kuzuiwa.

Jambo moja huwashangaza wazazi wengi: mtoto huyu akilia, huenda sauti isisikike. Hewa hutoka shingoni kabla ya kufika kwenye nyuzi za sauti. Hawezi kumwita mama aliye jikoni. Kwa sababu hiyo haachwi peke yake, mchana wala usiku.

KAZI YA NYUMBANI

Karibu na mtoto pawekwe daima mrija wa akiba wa kipimo kile kile, mwingine mdogo zaidi kwa kipimo kimoja, mkasi, kanda za kufungia, na chombo cha kunyonyea makohozi. Mfuko huo uende naye popote, hata akipelekwa kwa jirani. Kanda za shingoni zikazwe kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu.

Anayenyonya makohozi anawe mikono kwanza. Kijirija cha kunyonyea kisipite mwisho wa mrija wa shingoni, na kazi hiyo isizidi sekunde 10 kwa mara moja, maana mtoto hapati hewa wakati huo. Maji ya kuoga yawe machache, yasifike shingoni. Moshi wa mkaa na sigara, vumbi la ufagio na poda ya watoto vikae mbali naye, kwa kuwa hewa aivutayo haichujwi na pua.

Akihangaika, mbavu zikibonyea au midomo ikibadilika rangi, anyonywe makohozi mara moja. Kijirija kisipopita, mrija utolewe na wa akiba utiwe; usipoingia, ule mdogo ujaribiwe. Wakati huo mtu mwingine atafute gari. Haya yote hufundishwa wadini kwa vitendo, na mzazi asikubali kuruhusiwa kabla ya kuyafanya kwa mikono yake mwenyewe mbele ya muuguzi. Aulize pia swali hili: mrija ukitoka, je, mtoto huyu aweza kupumua kwa kinywa na pua? Jibu si moja kwa watoto wote, na hulingana na sababu ya upasuaji.

Katika nyumba za askari swali zito ni la zamu. Baba huitwa kazini usiku, au hupelekwa mbali kwa miezi. Mama mmoja hawezi kukesha kila siku ya mwaka, usingizi utamshinda. Hivyo afunzwe mtu wa pili, na ikiwezekana wa tatu: bibi, shangazi, au jirani wa mlango wa pili. Baba naye ajifunze kabla ya kuondoka, asije akarudi likizo akawa mgeni kwa mwanawe.

Majirani nao waelewe kwamba tundu hilo si laana wala haliambukizi. Watoto wengi huondolewa mrija baada ya sababu yake kutibiwa, tundu likajifunga au likashonwa. Na dondakoo, lililowakaba watoto wa zamani, lina chanjo: nchini Uganda hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kadi ya kliniki ikaguliwe leo.