Bibi Harusi, Usichapwe kwa Fimbo ya “Asili”



Mfunguo mosi umeingia na kadi za harusi zimeanza kumiminika. Alhamdulillah, ni furaha. Lakini pamoja na kadi yameanza na yale yale ya kila mwaka. Bibi harusi hajamaliza hata kushona nguo, ameshaulizwa mara ishirini: “Mnapika nini?” Akijibu kwamba wazee wamekubaliana wali wa nazi na mchuzi wa kuku, midomo inabetuliwa. “Harusi bila biriani? Mwanangu, sisi tuna asili yetu.”

Tumechoka na neno hilo, na leo tunasema wazi kwamba tumechoka.

Tumechoka kwa sababu tumeona linavyofanya kazi. Mmoja wa wenzetu aliolewa juzi juzi tu. Baba yake alikwisha fariki, na mama anauza maandazi. Walipanga walima ya watu mia moja, majirani na jamaa wa karibu. Wakaja mashangazi na mama wakubwa, wakakaa kitako, wakasema familia itachekwa. Mama akauza bangili zake mbili za dhahabu, akaomba apewe zamu ya upatu kabla ya wakati wake, na biriani ikapikwa ya watu mia nne. Ililiwa kwa muda wa saa moja. Deni lililipwa kwa miezi kumi na moja. Na wale waliosema “asili yetu” hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza mama anaendeleaje.

Basi tuichukue hiyo asili, tuiweke juu ya sinia, tuifunue kawa tuone kilichomo.

Sinia la kwanza: biriani na pilau

Biriani ni jina la Kiajemi, lenye maana ya kitu kilichochomwa au kukaangwa. Pilau nalo ni jina la huko huko, likapita India likafika kwetu kwa majahazi. Sambusa, ambayo kila mwari anafundishwa kuikunja, ni Kiajemi pia. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 tayari kinaeleza namna ya kuitengeneza. Mdalasini tunaoutia kwenye pilau unabeba neno la Kiajemi lenye maana ya mti wa China.

Sasa tuangalie ndani ya sufuria. Tungule asili yake ni Amerika. Mbatata asili yake ni Amerika, na hata jina lenyewe tumelipata kwa Wareno. Pilipili mbuzi, Amerika pia. Vitu hivi havikuvuka bahari mpaka baada ya mwaka 1492, na Wareno hawakufika pwani yetu mpaka 1498. Kwa hiyo biriani ya mbatata za kukaanga na rojo la tungule, ile inayoitwa “ya mababu”, babu wa babu zetu wa zamani hasa hawakuijua kabisa.

Walikula nini? Tuna shahidi. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Akaletewa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, limau la achari, tangawizi mbichi na embe. Mombasa aliona watu wakila ndizi na samaki. Dada zetu, someni tena orodha hiyo. Wali na kitoweo, ndizi, samaki, achari. Kama mtu anataka kweli chakula cha zamani cha Waswahili, basi yule bibi harusi wa wali na mchuzi wa kuku ndiye aliye karibu nacho kuliko shangazi anayembetulia mdomo.

Sinia la pili: karafuu na muhogo

Visiwa vyetu vinaitwa visiwa vya karafuu, na ni fahari yetu. Lakini mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Wafaransa waliupeleka Mauritius katika karne ya 18, na Unguja ukaletwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ni miaka mia mbili na ushei tu. Na mashamba yale hayakustawi kwa baraka ya upepo peke yake, yalilimwa na kuchumwa na watumwa.

Na hao watumwa walishibia nini zaidi? Muhogo. Hapa ndipo penye siri ya mambo. Muhogo umetoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno. Umevuka bahari kama tungule, kama mbatata. Mbona basi tungule imeingia ukumbini na muhogo umebaki nje mlangoni? Mbona hakuna anayesema “muhogo wa nazi ni asili yetu, lazima uwepo harusini”? Wote ni wageni, tena wamekuja kwa njia moja.

Jibu tunalijua sote ila hatulisemi. Muhogo ni rahisi. Muhogo ulikuwa chakula cha aliyenyimwa. Kumbe kinachoitwa asili si asili hata kidogo, ni bei iliyovishwa kanga nzuri. Tunapomwambia bibi harusi “fuata asili yetu”, tunachomwambia hasa ni “tumia pesa tuione”. Tusiwasingizie mababu wasioweza kujitetea.

Sinia la tatu: keki

Kuna na kundi la pili, na hili nalo lazima tuliseme. Hawa hawalazimishi biriani, wao wanaharamisha. Kila msimu zinasambazwa sauti kwenye simu: keki ya harusi ni ya makafiri, anayeikata amejifananisha nao, ndoa yake haina baraka.

Ni kweli keki kubwa nyeupe ya harusi imeenea kutoka Uingereza. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840 keki yake ilikuwa na uzito wa ratili zipatazo 300, na tangu hapo watu wa kila nchi wakawa wanaiga walichoweza. Hatukatai. Lakini kama kutoka kwa wasiokuwa Waislamu ndiyo sababu ya kuharamisha, basi na tungule tuitupe, maana waliotuletea ni Wareno, watu waliozipiga mizinga Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Hakuna aliyetoa fatwa dhidi ya tungule.

Na tukumbushane kisa cha kahawa, hii hii inayozungushwa kwenye nikahi pamoja na halua, na mtu akiikosa anasema nikahi haikunoga. Mbuni ni mti wa nyanda za juu za Ethiopia. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa kahawa iwasaidie kukesha kwenye dhikri. Ilipofika Makka ilizusha kasheshe. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa mji kwa niaba ya dola ya Mamluki, aliwakusanya wanazuoni na matabibu, na kahawa ikapigwa marufuku. Marufuku hayakudumu. Cairo haikukubali kwamba kinywaji chenyewe ni haramu, na leo kahawa ndiyo heshima ya mgeni katika nyumba za Waislamu kuanzia Oman mpaka Unguja. Kilikuwa kigeni, kikaogopwa, kikachunguzwa, kikaachiwa.

Kilichochunguzwa ndiyo hoja. Wanachuoni wetu wametufundisha kanuni ambayo kila aliyesoma fiqhi kidogo anaijua: asili ya vitu ni uhalali, mpaka ije dalili ya kukataza. Hiyo ndiyo asili tunayotakiwa kuijua. Haiulizi chakula kimetoka bandari gani. Inauliza kimo nini ndani, kimepatikana vipi, na kinaliwa vipi. Kwa hiyo bibi harusi, usimuulize mpishi wa keki kama keki ni ya Kizungu. Muulize matunda aliyatia kwenye ulevi au la, maana keki nyingi za Kiingereza hulowekwa pombe. Muulize gelatini yake imetoka wapi. Na ukishaikata, kulishana mbele ya wanaume na wanawake waliochanganyika ni jambo lenye hukumu yake, lisichanganywe na hukumu ya unga na mayai.

Tuambiwe na sisi

Tunajua tutajibiwaje. Kuna watakaosema: “Mnataka kutupotezea mila. Watoto watakua hawajui hata pilau.” Hapana. Sisi tunaipenda biriani, tena sana. Tunapenda kumuona mpishi wa shughuli akifunua sufuria na moshi wa zafarani ukatoka. Vyaelea vimeundwa, na sahani hii imeundwa na Waajemi, Wahindi, Waarabu, Waamerika wa zamani na mikono ya bibi zetu wa hapa hapa. Kulijua hilo hakuipunguzii ladha. Kunatupunguzia kiburi tu. Mila iliyopokea kila mgeni kwa miaka elfu haiwezi kuvunjika kwa sababu bibi harusi mmoja amepika wali na samaki.

Wengine watasema walima ni sunna na sunna ifanywe vizuri. Ahsanta, tufanye kama ilivyofanywa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Abdulrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi au kondoo mmoja. Walima wake yeye mwenyewe kwa Bi Zaynab ulikuwa wa mkate na nyama. Walima wa Bi Safiyya ulikuwa wa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, mkate haukuwepo wala nyama haikuwepo. Je, yupo miongoni mwetu anayethubutu kusema kwamba bibi harusi yule alidhalilishwa? Na ni yeye huyo huyo Mtume aliyetuonya kwamba chakula kibaya kabisa ni cha walima wanaoitwa matajiri na kuachwa masikini. Ubaya haukuwekwa kwenye aina ya kitoweo, umewekwa kwenye orodha ya walioalikwa. Hebu tutazame kumbi zetu, kisha tutazame nani anasubiri makombo nje ya geti.

Basi mama zetu, mnapokaa kikao cha shughuli, anzeni na swali la uwezo kabla ya swali la sahani. Andikeni kwanza majina ya majirani wasiojiweza, halafu ndiyo ya waheshimiwa. Kama mfuko unatosha biriani, pikeni, mle kwa furaha, mshukuru. Kama unatosha wali wa nazi, pikeni wali wa nazi na msimuombe mtu radhi. Kama ni muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga na chai ya maziwa, basi wekeni meza, someni Bismillahi, na sisi tualikeni, tutakuja.

Na nyinyi mashangazi tunaowapenda, mtu akitaka kuongeza sahani kwenye harusi ya watu, aje na sufuria yake na mchele wake. Asiye na mchele asilete na maneno.

Na wewe mwari, siku mtu akikwambia “hii siyo asili yetu”, mjibu kwa adabu: “Shangazi, mbatata imetoka Amerika, na deni litatoka kwa mama yangu. Bora tuiache moja.”

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na rehema, na azitie baraka sahani zetu, kubwa na ndogo. Amin.