Bursi ya Wenye Kufaulu: Tuieleze Pande Zote Mbili

Mwezi huu tuongee juu ya bursi ya wanafunzi wenye kufaulu sana. Mtoto wa Kamituga au Lugushwa akienda kusoma Bukavu, tumwambie nini juu yake?

Inayojulikana kwetu ni BEBUC. Waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 2000 Profesa Gerhard Bringmann wa Iniversite ya Würzburg, Ujerumani, na Profesa Virima Mudogo wa Kinshasa. Bringmann ni mtu wa kemia. Alichunguza mimea ya misitu ya Kongo akitafuta dawa ya malaria. Vijana wa Bukavu nao wamepita katika bursi hiyo, wa UCB iliyozaliwa 1989 na wa UEA ya 1991.

Tuanze na uzuri wake. Wanaangalia pointi zako, kisha wanakuita na kukuuliza maswali. Hawaulize baba yako ni nani. Katika nchi ambamo watu wanasema bila mtu haupite, hii si kitu kidogo. Tena inaweza kumfikisha kijana hata kwenye udokta, na nia yake ni arudi kufundisha wadogo wake hapa kwetu.

Sasa upande mwingine. Nafasi ni chache. Na ukishaingia, haiko mali yako ya milele: matokeo yako yanaangaliwa tena.

Baba, mama, sikieni hapa. Bursi ni ya masomo, si ya bati za nyumba. Mkianza kumhesabia kijana deni za jamaa yote, siku atakayoanguka mtihani ataogopa kuwaambia. Ataficha, ataacha kuandika, mwisho mtampoteza. Mwambieni leo, mbele hajapanda motokari: ukipata, tutafurahi; ukikosa, ungali mtoto wetu.

Na wewe kijana uliyekosa, usijiite mjinga. Zamani katika iniversite zetu, distinksio ilikuwa inaanza kwa 70%. Mwenye kupata 64% huku anabeba mifuko ya mchanga wakati wa likizo na kusoma usiku kwa taa ya petroli, pointi zake hazionyeshe kazi yake yote.

Basi mbele ya kuomba, ulizeni: inalipa nini, na nini hailipe? Inadai pointi ngapi kila mwaka? Ikikatika, tutaendelea namna gani? Mwenye kuwaeleza upande mmoja tu hajawasaidia.

Ninyi wa machimbo mnajua: karai haikamate dhahabu yote. Ingine inabaki katika mchanga, nayo ni dhahabu vilevile.

Tuonane mwezi ujao.