Tuko na jiwe, mvua na upepo: kwa nini tunajenga vibaya?

Goma ni mji ambao wakaaji wake wamezoea kujenga upya. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ulishuka tena mpaka Buhene na kumeza maelfu ya nyumba. Tukiongeza vita vinavyosukuma familia za vijijini kukimbilia mjini, tunaelewa kwa nini hapa fundi wa nyumba hakosi kazi. Lakini kujenga haraka si kujenga vizuri, na sisi kwa zaidi ya miaka ishirini tumejenga haraka.

Matokeo tunayaona kila siku. Upande mmoja kuna nyumba za mbao na manjanja, zimebanana, zenye dirisha moja dogo ao bila dirisha kabisa. Saa sita ya mchana manjanja yanachoma; usiku wa manane baridi inapenya katikati ya mbao. Mama anaingiza mbabula ndani ili watoto wapate joto, na moshi wa makala unabaki humo, pamoja na ile hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo inaua watu usingizini.

Upande mwingine, kando ya ziwa, yanapanda majengo ya ghorofa yenye vioo vikubwa vinavyotazama jua la magharibi. Vyumba vikishashika joto, mwenye nyumba ananunua mashine ya kupoza hewa, kisha jenereta ya kuiendesha umeme ukikatika. Katika mji ulio karibu mita 1.500 juu ya bahari, ambako usiku watu wanavaa koti, mashine hiyo inaonyesha tu kwamba ramani ilichorwa vibaya.

Nyumba ya maskini na nyumba ya tajiri ziko na ugonjwa mmoja: zote zinakula makala, mafuta na umeme ili kurekebisha kosa lililofanyika siku ya kujenga. Na sisi hatuna vya kutupa. Makala mengi ya Goma yanatoka katika misitu ya Virunga, ambayo inazidi kupungua. Kituo cha umeme cha Matebe, huko Rutshuru, kilichozinduliwa mwaka wa 2015, kina karibu megawati 13 tu. Kila chumba chenye giza kinachoomba taa saa nne ya asubuhi kinachota katika chungu hicho kidogo.

Wengi watasema nyumba bora ni mambo ya wazungu na ya wenye pesa. Hapana. Jiwe jeusi la volkano liko chini ya miguu yetu. Ukuta wake mnene unashika joto la mchana na kulirudisha polepole usiku, na hauungui kama mbao. Dirisha mbili zinazotazamana zinaingiza hewa mpya bila mashine yoyote. Dari chini ya manjanja, hata ya mianzi ao mikeka, inapunguza joto pamoja na kelele. Mwalimu yeyote wa Kivu anajua kwamba mvua ikipiga manjanja, masomo yanasimama.

Tena kuna maji. Paa la mita kumi kwa tano, likinyeshewa milimita kumi tu, linapokea litri 500, ndiyo kusema bidoni 25. Moshi wa Nyiragongo unachafua mvua, kwa hiyo maji hayo yasiwe ya kunywa bila kusafishwa vizuri. Lakini kwa kufua na kuosha nyumba, yanamwondolea mtoto safari nyingi za ziwani.

Mfano hauko mbali. Huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kuna hospitali iliyofunguliwa mwaka wa 2011. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya volkano kama haya yetu, ambayo wakulima wa pale waliyaona kuwa usumbufu shambani. Madirisha ya juu yanatoa nje hewa ya wagonjwa ili kifua kikuu kisienee kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Watu wa eneo hilo ndio waliochimba msingi na kuchonga mawe, na pesa ya kazi ikabaki kwao. Tuko na mengi ya kumdai jirani huyo, lakini jiwe halijui mpaka.

Basi shida iko wapi? Iko hapa: anayejenga si yeye anayelipa. Mwenye parsele anatafuta nyumba ya bei ndogo ya kupangisha. Mpangaji ndiye anayenunua makala kila wiki, na ndiye anayepeleka mtoto mwenye kikohozi kwa daktari. Soko peke yake halitarekebisha jambo hilo. Inaomba sheria, na mtu wa kuisimamia.

Kwa hiyo ruhusa ya kujenga isibaki karatasi ya kulipia taksi tu. Mkaguzi aulize: dirisha ni ngapi? Jiko liko na njia ya moshi? Kati ya nyumba hii na ya jirani kuna nafasi, moto ukiwaka? Wakaaji wa Kadutu, huko Bukavu, wanajua bei ya swali hilo la mwisho. Na kiwanja kilicho katika shimo la mazuku, upande wa Sake, kisiuzwe kwa mtu yeyote: hewa ile inaua bila kupiga hodi.

Shule na vituo vya afya vitangulie, maana hivyo vinajengwa kwa pesa ya wote, ya serikali ao ya wafadhili. Darasa moja la mawe, lenye mwanga, dari na tanki la mvua, litafundisha mafundi wa mtaa mzima kuliko semina kumi za hotelini.

Volkano hatuwezi kuifunga mdomo. Lakini hakuna volkano iliyotuagiza kujenga chumba bila dirisha.