Mabawa ya Buku

Makamanda, leo tuiache katiba pembeni kidogo, tuongelee chupa ya enaji. Ile iliyojaa kila kijiwe cha boda.

Hesabu kwanza. Tuseme dereva anakunywa mbili kwa siku, buku moja moja. Kwa siku 26 za kazi imemtoka 52,000. Ndani kuna nini? Maji, sukari, kafeini, na vitamini kidogo za kupambia lebo. Kafeini inafanya kazi, sibishi. Lakini haiondoi uchovu, inauficha tu. Usingizi alioukosa jana bado anadaiwa, na deni linakuja kudaiwa barabarani, abiria akiwa nyuma. Halafu kahawa chungu ya kijiweni nayo ina kafeini, tena kwa bei ya kutupa.

Marekani wateja waliipeleka Red Bull mahakamani. Hoja yao: mnatuuzia "mabawa", kumbe kopo la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini, hazizidi za kikombe cha kahawa. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 13 kumaliza shauri, bila kukiri kosa. Nikisoma kesi kama hiyo naona wivu, jamani.

Maana sheria hata sisi tunayo! Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Usimamizi wa chakula ulihamishwa mwaka 2019 kutoka TFDA kwenda TBS. Sasa nani anamwambia mwenye bango athibitishe hiyo "nguvu" anayoitangaza? Bango linakaa mwaka mzima. Kijana akiposti kuhusu serikali, wiki haiishi ameshaitwa kituoni.

Wa jimu nanyi msicheke. Unga wa protini mwingi unatokana na maji yanayobaki maziwa yakitengenezwa jibini. Ni protini ya kweli, ila mayai, maharage na dagaa wanayo pia, na bei mnaijua. Kreatini ndiyo naiheshimu: imepimwa sana, na inasaidia kwenye mazoezi mafupi ya nguvu. Lakini ile ya kupimiwa kwenye kifuko kisicho na lebo? Hapo hata hujui unameza nini.

Vinywaji vya wanamichezo navyo, kama Gatorade iliyobuniwa Florida mwaka 1965, vilianza kama maji, sukari, chumvi na limau kwa wachezaji wanaotoka jasho juani. Ukikimbia zaidi ya saa nzima, sawa. Kwa ndondo ya nusu saa, maji yanatosha.

Kwa hiyo, ukikutana na tangazo linaloahidi miujiza, au chupa isiyoonyesha kiasi cha kafeini kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, piga picha, tunza risiti, nitumie. Malalamiko kwenda Tume nitayaandika mimi, bure.