MASWALI YA VIJANA WA KILOSA YASIFIE DARASANI

Kila mwaka, msimu wa michezo ya shule uwadiapo, hapana mtu wilayani Kilosa asiyepata habari zake. Mwanafunzi hodari wa mpira hutazamwa shuleni kwake, kisha katika kata, kisha wilayani, kisha mkoani. Naye akiwa hodari kweli huvaa jezi ya Mkoa wa Morogoro na kupelekwa katika mashindano ya taifa ya UMISSETA. Nauli yake hupatikana, mwalimu wa kumsindikiza hupatikana, na wazazi wake huijua siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Hilo ni jambo jema, nasi twalipongeza. Lakini yatupasa kuuliza: je, mwanafunzi hodari wa hisabati, au yule aliyechunguza wadudu waharibuo mahindi ghalani mwa baba yake akaona jambo ambalo wengine hawakuliona, naye anayo ngazi kama hiyo ya kupandia?

Mashindano ya elimu yapo, wala si machache. Taasisi ya Young Scientists Tanzania ilianzishwa mwaka 2011, ikafanya maonyesho yake ya kwanza Dar es Salaam mwaka 2012, kwa kufuata mfano wa maonyesho yaliyoanza huko Ayalandi mwaka 1965. Humo vikundi vidogo vya wanafunzi wa sekondari, pamoja na walimu wao, hupeleka utafiti walioufanya wenyewe katika sayansi ya viumbe na mazingira, katika kemia, fizikia na hisabati, katika teknolojia, na hata katika mambo ya jamii. Washindi wakuu wamepata ufadhili wa kusoma chuo kikuu kwa msaada wa Karimjee Jivanjee Foundation. Mwaka 2019 Serikali nayo ilifanya Dodoma Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo wengi huyaita MAKISATU, na ndani yake shule za sekondari zina kundi lao. Chama cha Hisabati Tanzania kina mashindano yake ya hesabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC zimekuwa na mashindano ya insha kwa wanafunzi wa sekondari wa nchi zote wanachama.

Milango, basi, ipo. Lakini mlango usiojulikana ulipo ni sawa na ukuta. Matangazo ya mashindano haya hutolewa katika intaneti, na katika barua zinazotoka ofisi moja kwenda nyingine. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu shuleni, nasi hatusemi kwamba kanuni hiyo ni mbaya. Lakini ikiwa tangazo limo katika simu, na simu haimo shuleni, ni nani atakayemfikishia habari kama si mkubwa wake? Na barua nayo husafiri polepole. Toka Kilosa mjini hata Mikumi ni zaidi ya kilomita 70, na ziko shule za kata zilizo mbali zaidi, milimani na mabondeni. Barua ikikaa wiki mbili juu ya meza wilayani na wiki mbili tena juu ya meza ya shule, siku ya mwisho ya kupeleka majina imekwisha kupita. Hakuna aliyemkataza mtoto huyo kushindana. Ila hakuna aliyemwambia.

Wako watakaosema kwamba utafiti ni kazi ya maprofesa, na kwamba mtoto wa kidato cha tatu hana la kuwafundisha. Hao twawakumbusha habari ya Mtanzania mwenzetu, Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba wilayani Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, aliyatia maziwa yake yangali moto. Akaona jambo la ajabu: maziwa yake yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa baridi. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa darasani. Hata Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipofika Mkwawa kuhutubia, kijana huyu alisimama akauliza mara nyingine, na wenzake wakamcheka. Lakini mgeni yule aliahidi kulijaribu jambo lenyewe, akalijaribu, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa katika jarida la fizikia la Uingereza.

Tangu hapo jambo hilo laitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kulieleza, na majibu 22,000 yakapelekwa. Wataalamu wangali wanabishana kama jambo hilo hutokea siku zote, na kwa sababu gani. Ubishi huo hauipunguzii thamani kazi ya Mpemba, maana swali jema ndilo lizaalo ubishi wa maana. Naye Mpemba mwenyewe baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyamapori ya nchi yetu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi twaongeza kwamba kumcheka aulizaye ndiko ujinga wenyewe, na taifa lililotangaza vita dhidi ya ujinga haliwezi kuruhusu swali la mtoto lizimwe kwa kicheko.

Mpemba alipata bahati: mtu mmoja mwenye maabara alipita shuleni kwake. Hatuwezi kuiacha elimu ya watoto wetu itegemee bahati ya mgeni kupita njia. Na watu wa Kilosa, kuliko wengi, hawana sababu ya kungojea mgeni, kwa kuwa vitu vya kutafitiwa vimewazunguka pande zote.

Jirani kabisa na mji wa Kilosa kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia mbegu za mahindi, mtama, mikunde na alizeti. Ni wanafunzi wangapi wa wilaya hii waliokwisha kuingia humo wakaonyeshwa jinsi mbegu mbili zinavyolinganishwa katika shamba la majaribio? Kusini iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa ng'ambo walianza kuwafuata nyani wa Mikumi siku kwa siku, mwaka hata mwaka, wakiandika nani kazaa, nani kahama kundi, nani kafa; na kazi yao yasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Kijana wa Mikumi awaonaye nyani hao kando ya barabara tangu utoto wake asidhani kwamba kuwachunguza ni haki ya watu wa mbali peke yao. Barabara kuu yenyewe ipitayo katikati ya hifadhi, ambako wanyama hugongwa na magari, ni swali kubwa: ni wanyama gani wagongwao zaidi, saa ngapi, na mahali gani? Kwa ruhusa na uangalizi wa askari wa hifadhi, swali hilo laweza kufanyiwa kazi na wanafunzi, na jibu lake laweza kuokoa wanyama na abiria pia.

Tena uko mto Mkondoa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yake yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao na kuivunja njia ya reli. Kupima kimo cha maji kila asubuhi kwa mti uliotiwa alama, na kulinganisha na mvua iliyonyesha, ni utafiti usiohitaji chombo cha bei kubwa. Na katika mambo ya jamii, je, wilaya iliyoona watu zaidi ya 30 wakiuawa Rudewa Mbuyuni mwezi Desemba mwaka 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, imekosa swali la kuwapa vijana wake? Mwanafunzi anayekaa na wazee wa pande zote mbili, akaandika wasemayo juu ya njia za mifugo na mahali pa kunyweshea maji, afanya kazi ya elimu na kazi ya amani kwa pamoja.

Wala tusiseme kwamba shule hazina mahali pa kufanyia majaribio. Katika miaka ya 2014 na 2015 wananchi wa nchi nzima walichanga fedha zao, wakabeba mawe na mchanga, ili kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Hawakufanya hivyo ili vyumba hivyo vifunguliwe kwa mtihani tu kisha vifungwe kwa kufuli. Maabara iliyojengwa kwa jasho la wananchi yatakiwa iwe mahali ambapo mtoto wa mwananchi analeta swali lake na kulijaribu.

Katika jambo hili pia lipo la kujihadhari nalo. Intaneti imejaa siku hizi matangazo ya mipango ya utafiti na mashindano ya ng'ambo kwa wanafunzi wa sekondari, na baadhi yake hutoza ada ya maelfu ya dola. Mengine ni ya kweli na yana heshima. Mengine ni biashara tu, huuza cheti chenye nembo nzuri kwa mtu yeyote alipaye. Mzazi asiuze ng'ombe wala shamba kabla ya kuuliza mambo manne: ni nani anayeendesha mpango huu? Ni nani anayehukumu kazi za watoto? Fedha zinazotakiwa ni za nini? Na waliotangulia walipata nini? Mwalimu amsaidie mzazi kuuliza. Utafiti wa kweli hupimwa kwa kazi iliyofanyika, wala haununuliwi.

Kwa hiyo twatoa shauri letu waziwazi. Kwanza, Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa na iweke ngazi ya elimu kama ilivyo ngazi ya michezo: maonyesho ya utafiti ya shule, kisha ya kata, kisha ya wilaya, kila mwaka, kwa siku inayojulikana mapema. Pili, ofisi ya elimu sekondari itoe mwezi Januari orodha moja ya mashindano yote yanayotambuliwa, pamoja na masharti na siku za mwisho, na orodha hiyo ibandikwe katika kila shule, kila ofisi ya kata na kila tawi la chama. Karatasi moja ukutani yaweza kumfikia mtoto ambaye intaneti haimfikii. Tatu, kituo cha Ilonga, hifadhi ya Mikumi na Chuo Kikuu cha Sokoine kilichoko Morogoro viombwe kutenga siku za kupokea wanafunzi wenye maswali, na kila shule ijue ni mtaalamu gani wa kuandikiwa. Nne, mwalimu anayewaongoza watoto katika utafiti baada ya saa za kazi asiachwe peke yake. Kazi hiyo ihesabiwe katika sifa zake, kama ihesabiwavyo kazi ya mwalimu wa michezo.

Nanyi, ndugu wafanyakazi, msidhani kwamba jambo hili ni la walimu pekee. Mfanyakazi wa reli wa Kilosa ajua mahali Mkondoa hupasua tuta, kuliko mtu asomaye ramani. Mfanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Kimamba, na yule wa miwa kule Ruembe, wayajua mambo ya udongo, ya wadudu na ya mashine ambayo hayajaandikwa katika kitabu chochote. Kijana akija kuuliza, mwambieni mjuayo. Na ikiwa kikundi cha shule ya kata kimechaguliwa na kimekosa nauli, vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika na matawi yetu vione aibu kusikia habari hiyo baada ya siku kupita. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yapita Kilosa ikienda Dar es Salaam na Dodoma, yaani miji ile ile ambako maonyesho tuliyoyataja yalianzia. Reli imekwisha kujengwa. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba mtoto wa mkulima wa Kilosa naye yumo ndani ya behewa, na kazi yake mkononi.

Wako watakaojibu kwamba mtihani ndio wa kwanza, na kwamba mambo haya yatawapotezea watoto wakati. Twasema la hasha. Mwanafunzi aliyepima mvua miezi sita hahitaji kukaririshwa maana ya wastani, ameishi nayo. Aliyelinganisha mbegu mbili shambani ajua kwa nini jaribio huhitaji kitu cha kulinganishia. Utafiti haumwibii mtoto masomo yake, wamfanya ayaelewe. Wala haidhuru ikiwa wengi watakaoshindana hawatapata tuzo. Wilaya itakuwa imepata vijana waliozoea kupima kabla ya kusema, na kusikiliza ushahidi kabla ya kugombana. Watu wa namna hiyo twawahitaji mashambani, viwandani, ofisini na katika mikutano ya kijiji.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ikiwa twataka wataalamu watokao katika watu wetu wenyewe, hatuna budi kuinama hadi shule ya kata, tukasikilize wanayouliza watoto. Halmashauri ianze kwa karatasi ile moja ya matangazo. Nasi sote tuulizane, ufikapo Januari, kama imebandikwa.