Kikanyagio cha Bafuni si Jambo la Kudharauliwa

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona kwamba safu hii, iliyozoea kuzungumzia bei ya kahawa, pembejeo na barabara, leo inazungumzia kikanyagio cha bafuni, yaani kile kizulia kidogo anachokanyaga mtu akitoka kuoga. Tunawaomba wavumilie mpaka mwisho. Jambo dogo likishavunja nyonga ya mzazi, haliwi dogo tena.

Hapa Kigonsera, kama ilivyo mahali pengi katika wilaya ya Mbinga, bafu la wazee wetu lilikuwa nje ya nyumba. Sakafu yake ilikuwa ya mawe, na maji yalijipitia kati ya mawe hayo yakaenda zake. Siku hizi mambo yamebadilika, na yamebadilika kwa heri. Kijana aliyepata kazi mjini, au mkulima aliyebahatika msimu mmoja wa kahawa, humjengea mzazi wake nyumba ya matofali yenye bafu ndani, na sakafu huipamba kwa vigae vinavyong'aa. Ni zawadi njema, nasi hatuna neno juu ya nia yake. Lakini kigae kinachong'aa kikishapata maji na sabuni hugeuka kuwa mtego.

Tunamfahamu mama mmoja mzee aliyeshinda maisha yake yote akipanda na kushuka milima hii na mzigo kichwani, wala mlima haukumwangusha. Aliangushwa na bafu alilojengewa na wanawe. Hakuwa na cha kukanyaga ila kipande cha mfuko wa plastiki kilichotandazwa chini, nacho kikateleza pamoja naye. Tangu siku hiyo hatembei bila kushikwa mkono. Gharama ya matibabu yake ingetosha kununua vikanyagio vya kijiji kizima.

Wala mama huyu si peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Wanaoathirika zaidi ni wazee waliopita miaka 60. Si wote walioangukia bafuni, lakini kila mwenye mzazi nyumbani anajua kwamba bafuni ni mahali pa hatari.

Basi mwananchi mwenye kipato cha kawaida achague nini?

Kwanza, asidanganywe na ulaini. Vikanyagio vya sponji vilivyojaa madukani hupendeza mkononi, lakini sponji hunywa maji na kuyashika. Katika nyanda zetu za Mbinga, ambako mwezi wa Juni na Julai kuna baridi na jua ni la kuviziwa, kikanyagio cha namna hiyo hakikauki. Baada ya muda mfupi hunuka, hulala chini kama chapati, na upande wake wa chini huota ukungu.

Pili, atazame pamba. Kikanyagio cha pamba kilichofumwa kama taulo nzito ndicho kinachofaa nyumba nyingi, kwa kuwa hunyonya maji, hufulika na hakichomi miguu. Lakini pamba nayo ina daraja zake. Mnunuzi akipime uzito mkononi, kwa maana chepesi mno hakina nyuzi za kutosha. Akikunje na kutazama mzizi wa nyuzi. Akiona kitambaa cha chini kinaonekana waziwazi, akirudishe. Atazame pindo kama limeshonwa mara mbili. Asugue pembe yake kwa kitambaa cheupe kilicholowa, na rangi ikihamia kwenye kitambaa, ajue itahamia pia kwenye miguu na sakafu.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, akigeuze. Mgongo wa kikanyagio ndio unaomlinda mtu. Ukiwa ni kitambaa kitupu juu ya kigae, kikanyagio kitateleza kama mtumbwi. Mgongo uwe na mpira unaoshika, na mpira huo usiwe unamomonyoka ukikwaruzwa kwa ukucha. Akikiweka chini, apime pia kama mlango unafunguka bila kukigusa, kwa sababu kikanyagio kilichokunjwa na mlango humkwaza mtu badala ya kumwokoa.

Kuhusu bei, wahenga walisema rahisi ghali. Tuchukue mfano. Tuseme kikanyagio kimoja kinauzwa shilingi 5,000 na kinadumu miezi mitatu, na kingine kinauzwa shilingi 15,000 na kinadumu miaka miwili. Katika miaka hiyo miwili, aliyenunua cha shilingi 5,000 atakuwa amenunua mara nane na kutumia shilingi 40,000. Bei ya kitu basi haisomwi kwenye kibandiko peke yake; husomwa pia kwenye kalenda.

Tunajua kwamba wapo wasioweza kutoa hata hizo shilingi 15,000 kwa mara moja. Kwao tunasema kwamba fundi cherehani wa jirani anaweza kuchukua taulo kuukuu, akalikunja mara tatu, akalishona mistari ya karibukaribu, na chini akashonea vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kikanyagio hicho hakina fahari ya dukani, ila kinashika sakafu. Na kwa bafu la nje lenye sakafu ya udongo, fito za mbao zilizopigiliwa kwa kuachana kidogo, ili maji yapite katikati, zinatosha kabisa mradi zisimamishwe zikauke kila baada ya kuoga.

Hatusemi haya kama wageni wa elimu ya utelezi. Wamatengo wa wilaya hii ndio waliobuni kilimo cha ngoro: hulaza nyasi kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, huzifunika kwa udongo, na hapo hupatikana vishimo vinavyozuia mvua isichukue shamba. Watu waliojua kuushika mlima usiporomoke hawawezi kushindwa kuishika sakafu ya bafu.

Sasa tunawageukia ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia. Kwao tabu si baridi bali ni unyevu wa hewa ya bahari, hasa wakati wa masika. Kikanyagio kinene kisichoanikwa huoza huko upesi zaidi kuliko huku kwetu. Shauri letu ni kwamba nyumba iwe na viwili vyembamba vya pamba vinavyopokezana, kimoja chini na kimoja kambani, badala ya kimoja kinene. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi za visiwani bafu hukanyagwa mara nyingi kwa siku kwa ajili ya udhu, kikanyagio chao kina kazi kubwa kuliko cha nyumba nyingine yoyote.

Visiwani tena ndiko iliko hazina isiyothaminiwa ipasavyo, nayo ni usumba. Akina mama wa pwani hufukia makumbi ya nazi katika mchanga unaofikiwa na maji ya bahari, huyaacha kwa miezi, kisha huyafukua na kuyaponda mpaka nyuzi ziachane. Nyuzi hizo hazikubali kuoza upesi kwa maji ya chumvi, na ndiyo maana mabaharia walizisokota kamba za majahazi. Kikanyagio cha usumba hakifai ndani ya bafu, kwa kuwa ni kikwaruzi na hakinyonyi maji. Lakini kikiwekwa nje ya mlango wa bafu, hubandua mchanga na tope kabla havijaingia na kuchanganyika na sabuni. Mkeka wa ukindu, pamoja na uzuri wake, usiwekwe bafuni. Ukilowa juu ya kigae huteleza, na baada ya siku chache huota ukungu.

Mababu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Katika magofu ya misikiti ya kale, kama ule wa Gedi karibu na Malindi, mawe ya matumbawe yaliwekwa penye birika la kutawadhia ili watu wasugue miguu. Usafi wa mguu na usalama wa hatua vilifikiriwa kabla ya jengo kuinuliwa, si baada ya mtu kuanguka.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na viongozi na watendaji wa serikali, Bara na Visiwani.

Nchi hii haina upungufu wa nyuzi. Pamba tunalima. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ambapo miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ulitufikisha mahali pa kuzalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, kabla nyuzi za viwandani hazijauangusha. Usumba tunatupa na makumbi yake. Pamoja na hayo yote, mwananchi akienda dukani kutafuta kikanyagio, mara nyingi hukutana na cha sponji na cha plastiki kilichovuka bahari. Tunauliza: kuna ugumu gani kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuvifikia vikundi vinavyoweza kufuma kitu hiki? SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, haikosi uwezo wa kuwaonyesha njia.

Na wakishafuma, wapewe soko. Sheria ya Ununuzi wa Umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu. Hospitali, mabweni ya shule na nyumba za wageni za serikali zote zina mabafu. Afisa ununuzi anayeagiza bidhaa ya mbali huku kikundi cha wilaya yake kimekaa bila kazi hana budi kujieleza.

Vilevile tunaliomba Shirika la Viwango Tanzania na Taasisi ya Viwango Zanzibar wasivione vikanyagio kuwa vitu vya kupita hivihivi. Mwaka 2020 nchini Japani, vikanyagio vigumu kama jiwe, vilivyosifiwa kwa kukausha miguu mara moja, vilirudishwa kwa wingi na wauzaji baada ya baadhi yake kukutwa na asibesto, madini ambayo vumbi lake likivutwa huleta saratani ya mapafu. Hatari ilikuwa zaidi pale mwenye nyumba alipokisugua kwa msasa ili kikisafishe upya. Kama nchi yenye ukaguzi wa namna ile iliponyokwa na bidhaa hiyo, sisi hatuna sababu ya kulala.

La mwisho, tunawaambia wahandisi na wajenzi ukweli mmoja usiopendwa na wauza vikanyagio: dawa ya kwanza ya utelezi ni sakafu yenyewe. Anayeweka kigae kinachong'aa kwenye bafu la hospitali au la mzee, kisha akanunua kikanyagio, anafanana na mtu anayetoboa mtumbwi halafu akanunua kopo la kukombea maji. Kigae cha bafuni kiwe na mikwaruzo, na mwinamo upeleke maji kwenye tundu lake. Kikanyagio kije kumalizia kazi hiyo.

Kwa hiyo, mwananchi atakayemjengea mzazi wake mwaka huu, na asiishie kwenye rangi ya ukuta. Aingie bafuni mwenyewe, alowanishe sakafu, avue viatu na atembee. Kama yeye mwenye miguu ya ujana anayumba, mama yake atakuwaje? Usipoziba ufa utajenga ukuta; na nyonga iliyovunjika hapati kila mtu wa kuijenga upya.