Bidhaa Mpya: Usihesabu Walionunua, Hesabu Waliorudi

Kuna swali tunaloulizwa sana na wateja wetu wenye biashara ndogo. Maneno hubadilika lakini swali ni lile lile: "Nilianzisha bidhaa mpya, wiki ya kwanza ikauzika vizuri, sasa imelala. Nifanyeje?" Wengine wanataka tuwaonyeshe namna ya kutuma meseji kwa watu wengi kwa mpigo. Wengine wanauliza kama ni lazima wateremshe bei. Jibu letu huwa haliwafurahishi mara ya kwanza: kabla hujaenda kutafuta wateja wapya, fungua taarifa ya malipo yako uone nani alirudi.

Wiki ya kwanza hudanganya. Wanaonunua ni dada yako, jirani, watu wa chama, yule mliyesoma naye. Wananunua kwa sababu ni wewe, na si vibaya, hela ni hela. Lakini chupa ya pili mtu hanunui kwa sababu ya undugu. Ananunua kwa sababu ya kilichomo ndani.

Tuseme kuna mama anayeuza bhajia na viazi karai kila jioni pale Mombasa. Wateja wanausifu ukwaju wake wa pilipili mpaka wengine wanaomba wapelekewe nyumbani. Anaamua kuupakia kwenye chupa za nusu lita. Akijumlisha ukwaju, sukari, pilipili, makaa, chupa na karatasi ya jina, kila chupa inamgharimu shilingi 95. Anaiuza 150. Wiki ya tatu mauzo yanapungua na kila anayepita ana ushauri, na ushauri ni mmoja: teremsha bei. Anateremsha hadi 100 na kuandika OFA kwa kalamu nyekundu. Ndani ya wiki mbili chupa 200 zimeondoka. Simu inalia kutwa, na kila mlio ni malipo yameingia. Furaha tele.

Sasa tupige hesabu. Chupa 200, faida shilingi 5 kila moja, ni shilingi 1,000. Kwa bei yake ya zamani angeuza chupa 60 tu angebaki na 3,300. Hapo hatujataja usiku aliokesha akipika zile chupa 140 za ziada. Na akirudisha bei yake ya 150, watu hawataona imerudi, wataona imepanda.

Hatusemi bei isiguswe. Mzigo ukikaribia kuharibika, uza upate chochote. Ila mara nyingi shida ya mteja si kwamba bidhaa ni ghali, ni kwamba hela aliyo nayo mfukoni leo ni ndogo, na hataki kuipoteza kwa kitu asichokijua. Hilo wenye maduka mtaani walishalitatua zamani: mafuta ya kupima, maziwa ya ATM, sukari ya kadogo. Punguza kipimo, acha bei. Chupa ndogo ya shilingi 60 inamwezesha mtu kuonja bila kuumia, na ile kubwa inabaki na heshima yake.

Turudi kwenye taarifa ya malipo. Till haijui umeuza nini, inajua tu nani amelipa, kiasi gani, saa ngapi. Mama yetu akipokea malipo ya bhajia na ya ukwaju kwenye Till moja, hela zote zinachanganyika na mwisho wa mwezi hajui kipi kinambeba. Kuna njia rahisi tunayoipenda: ipe bidhaa mpya bei ambayo hakuna kingine kibandani kinaifikia. Badala ya 150, weka 155. Badala ya 60, weka 65. Ukipitia taarifa jioni, kila 155 inajitokeza yenyewe. Wapo watakaolipia ukwaju na bhajia pamoja, kwa hiyo hesabu haitakuwa kamili, lakini itatosha kukuonyesha mwelekeo. Wanaolipa pesa taslimu waandike kwenye daftari. Tunajua tunauza huduma ya malipo kwa simu na tungependa kila mtu alipe kwa simu, lakini Till peke yake haiwezi kukupa picha nzima ya kibanda chako.

Jambo jingine ambalo watu hujidanganya nalo ni mali kauli. Unapeleka chupa 30 kwenye maduka matatu, mnakubaliana utalipwa zikiuzwa, halafu kichwani unaandika "nimeuza 30". Hujauza. Umehamisha mzigo wako kutoka kwenye rafu yako hadi kwenye rafu ya mwingine. Hata ukifika supermarket ni hivyo hivyo. Wasambazaji waliokuwa wakiipelekea Nakumatt bidhaa wanaelewa, kwa sababu ilipofungwa mwaka 2020 iliacha wengi wao wakidai. Mauzo ni kile kilicholipwa.

Basi mwezi umeisha, mama ameketi na simu yake na daftari. Anaona majina arobaini hivi yaliyolipa 155 mara moja na kupotea. Anaona pia majina manne yanayojirudia kila baada ya siku tatu, na kila mara wananunua chupa nyingi. Siku wanapokuja anawauliza. Kumbe wote wanne wanauza bhajia mitaa mingine! Wamechoka kuloweka ukwaju kila asubuhi, wakaona heri wanunue uliokwisha kuandaliwa.

Hapa tukumbuke kisa cha M-PESA. Si sisi tulioianzisha, lakini sote tulio kwenye kazi hii tunakula matunda yake. Majaribio yalipoanza mwaka 2005, Nairobi na Thika, lengo lilikuwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Wateja wa majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo yao wenyewe, hasa kutumiana pesa. Waliokuwa wakiisimamia wangeweza kuwasukuma warudi kwenye mikopo. Badala yake waliwafuata wateja, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Bidhaa ilikuwa na soko, ila si lile lililokusudiwa.

Mama wa ukwaju naye yuko hapo hapo. Chupa na karatasi ya jina vinakula shilingi 25 kati ya zile 95. Wauza bhajia hawahitaji chupa nzuri, wana majerikeni yao. Lita 5 bila chupa zinamgharimu 700. Akiwauzia kwa 1,000 wanapata nafuu kubwa na yeye anabaki na 300. Wateja wanne, kila mmoja akijaza mara kumi kwa mwezi, ni faida ya shilingi 12,000. Ndiyo, amepunguza bei kwa lita, lakini punguzo hilo limetoka kwenye chupa ambazo hanunui tena na kwenye uhakika kwamba wataonekana tena keshokutwa. Ofa ya kalamu nyekundu haikuwa na lolote kati ya hayo.

Wale arobaini asiwasahau pia. Wengine wanapita kibandani kila siku, awaulize. Anaweza kuambiwa chupa ilifura kwenye joto siku ya tano, ikafunguka kwa mlio kama soda, mtu akaogopa akaimwaga. Hilo hakuna tangazo linaloweza kulitibu. Linatibiwa jikoni, na ni bora liwe limetibiwa kabla hajaanza kutafuta alama ya ubora ya KEBS ili apeleke chupa zake madukani.

Na zile meseji? Wengi hutuuliza kwa nini Till inaonyesha jina la mteja na tarakimu chache tu za namba yake. Tumeficha makusudi. Mtu aliyekulipa bhajia hajakuruhusu umtangazie ukwaju. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kutumia namba yake kumtangazia biashara kunahitaji ridhaa yake, na anaweza kukushtaki kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ukitaka namba, muulize ana kwa ana: "Nikuambie nikipika mpya?" Akikubali, andika namba yake pamoja na tarehe aliyokubali. Akisema aachwe, mwache. Orodha ya watu ishirini waliosema ndiyo tunaiona bora kuliko ya watu elfu mbili waliookotwa, na tunasema hivi tukijua kwamba sisi wenyewe hutuma meseji nyingi, na mnavyozifuta kabla hamjamaliza mstari wa kwanza.